Mwanao amerudia mbinu mara mia. Je, ameijua?

MIELEKA ya watoto kwenye mchanga wa Bagamoyo jua linapoanza kupoa si jambo geni. Kilichobadilika ni kwamba kijana wa leo amejifunzia kwenye simu. Ametazama video ya jiujitsu ya Kibrazili kwa dakika tatu, ameona mtu mwembamba akimfanya pandikizi la mtu asalimu amri kwa kuvutwa mkono tu, na kabla ya magharibi anataka kuijaribu kwa mdogo wake uani.

Mzazi anaweza kufoka. Anaweza pia kujua mbinu hizi hujifunzwa vipi, ili akiulizwa ruhusa na ada ya mazoezi ajue anachokilipia. Makala haya ni ya huyo wa pili.

Jiujitsu ya Kibrazili ni mtoto wa judo. Jigoro Kano alianzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882. Mmoja wa waliopita katika shule yake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na ujuzi wake ukaingia katika familia ya Gracie, iliyotilia mkazo mapambano ya chini, pale watu wawili wanapokuwa wameshaanguka. Kwetu judo ndiyo iliyotangulia. Zanzibar, ng'ambo tu ya maji kutoka Bagamoyo, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha vijana kwa miaka mingi, na Andrew Thomas Mlugu ameiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Rio 2016 na ya Paris 2024.

Kano aliacha jambo moja kubwa kuliko mbinu zenyewe. Aliondoa katika mazoezi huru yale mapigo yasiyoweza kujaribiwa bila kumuumiza mtu, akabakiza yale ambayo wanafunzi wanaweza kushindana kwa nguvu zao zote leo na kesho wakarudi tena. Kinachowezesha hilo ni ishara ndogo: anayebanwa anagonga kwa kiganja mwili wa mwenzake au mkeka, na aliyebana anaachia papo hapo. Mtoto asiyejua kugonga, au anayeona aibu kugonga, hajawa tayari kufundishwa mbinu yoyote. Na asiyeachia anapogongewa hafai kabisa kuwa mwenza.

Tuchukue mbinu moja maarufu, ya kuunyoosha mkono kwenye kiwiko. Anayeifanya amelala chali, mwenzake amepiga magoti katikati ya miguu yake. Anaushika mkono mmoja wa mwenzake na kuubana kifuani. Anakanyaga nyonga ya mwenzake upande wa mkono ule ule, kisha anajizungusha mpaka kichwa chake kielekee upande wa pili. Mguu mmoja unabana mgongo wa mwenzake, na ule uliokanyaga nyonga unapita mbele ya uso wake. Anabana magoti, anahakikisha kidole gumba cha mkono alioushika kinatazama juu, ndipo anainua kiuno polepole.

Ukisoma haraka inaonekana ni jambo moja. Kwa mwili wa mtoto wa miaka kumi na miwili ni mambo mengi, na akiyabeba yote kwa pamoja, anayoyaacha huwa yale yale: hajizungushi vya kutosha na magoti yako wazi. Mkono unachomoka, naye anavuta kwa nguvu zaidi kufidia. Hapo ndipo viwiko vinapoumia.

Wakufunzi wengi wazuri huanzia mwishoni. Mwanafunzi anawekwa tayari katika hali ya mwisho, mkono umeshikwa na miguu imeshapita, na kazi yake ni kubana magoti tu na kumzuia mwenzake asichomoke. Hilo likikaa, anarudishwa hatua moja nyuma. Waliopita mafunzo ya ngoma au sarakasi kwenye chuo cha sanaa pale pale Bagamoyo, TaSUBa ya sasa, hawatashangaa: hakuna anayefundishwa kupinduka hewani kabla ya kufundishwa kutua.

Sasa suala la mara mia. Kurudia mbinu kwa mwenza aliyelegea kama mto wa kulalia kunafundisha njia, na siku za mwanzo kunahitajika. Kukiwa ndiyo mazoezi yote, kijana anatoka na jambo la hatari kuliko ujinga: anaamini anajua kujilinda. Mtu halisi anavuta mkono wake, anasimama, anakusukuma. Kwa hiyo mwenza anapaswa kuongeza upinzani kidogo kidogo. Kwanza anatulia. Kisha anajaribu kuchomoa mkono kwa robo ya nguvu zake, halafu nusu, na mwisho wanashindana kweli kwa dakika moja au mbili, wakianzia hali ile ile. Mwenza anayekataa kila kitu tangu mara ya kwanza anaharibu somo sawa na yule aliyelegea.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulielewa kinyume. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Shea na Morgan, waliwafundisha watu miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mmoja mpaka uishe kabla ya kwenda kwa mwingine, jingine lilichanganya yote matatu. Wakati wa mazoezi waliochanganya walionekana dhaifu. Walipopimwa baadaye, hata baada ya siku kumi, wao ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Kwa hiyo ukikaa pembeni ukamwona mwanao anababaika kwa sababu mkufunzi amechanganya mbinu tatu, usikimbilie kusema darasa halina mpangilio. Yule anayeteleza kama samaki kwa sababu amefanya kitu kimoja nusu saa nzima huenda Jumatatu akawa amekisahau.

Aliyesoma chuoni kwa maalimu anajua neno lake: kudurusu. Ulichosoma jana unakirudia leo kwa muda mfupi kabla ya kuongeza kipya. Mwili nao unapenda hivyo. Dakika ishirini siku nne za wiki zinazaa zaidi kuliko saa moja na nusu ya Jumamosi, na usingizi wa usiku ni sehemu ya somo, kwa kuwa ubongo huimarisha miondoko mipya mtoto akiwa amelala. Kijana anayekesha na simu akitazama mbinu za kesho anajinyima mwenyewe.

Kwa joto la pwani, mazoezi yawe asubuhi au baada ya alasiri, maji yawe karibu, na anayechoka apumzishwe, kwani mwili uliochoka hujifunza makosa. Mikeka isafishwe kila siku, kucha zikatwe, mtoto aoge mara anapomaliza; fangasi wa ngozi huhama haraka sana kwa watu wanaogusana hivi. Mbinu za kukaba shingo ziachwe kabisa nyumbani. Mishipa mikubwa ya shingo ikibanwa, mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kumi hivi, na mtoto wa miaka sita hajui kwamba alipaswa kugonga.

Na kiwiko kikishalia? Huku kwetu wengi hukimbilia mafuta ya moto na kumwita mkandaji. Siku mbili za kwanza usikande wala usivute. Pumzisha mkono, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kumi na tano hivi, utoe, urudie baada ya saa mbili au tatu, na uufunge kwa kanga shingoni. Kama hawezi kuunyoosha, umevimba sana, umepinda, au vidole vina ganzi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukapigwe picha. Kwa watoto mfupa karibu na kiwiko huvunjika kirahisi, na kuukanda mfupa uliovunjika kunaweza kuumiza mishipa ya damu na ya fahamu inayopita hapo.