Barabara Imekubaliwa: Maji Yatapita Wapi?

Mkulima akisikia kwamba Serikali imekubali mpango wa kutengeneza barabara ya kwao, hufurahi, naye ana haki. Katika skimu za Kinangop na Ol Kalou kila mtu anajua maana ya lori la maziwa kukwama matopeni mwezi wa Aprili. Maziwa hayangoji. Yakikaa mpaka mchana yameharibika, na ng'ombe amelishwa bure.

Skimu hizi zilitokana na ule mpango wa eka milioni moja, ulioanza mwaka 1962. Njia nyingi zilizokuwako zilikwenda kwenye nyumba ya mlowezi mmoja, si kwenye milango ya wakulima mamia. Mwaka 1974 Serikali ilianzisha mpango wa barabara za mashambani uliofanywa zaidi kwa mikono, kwa majembe, sururu na sepeto, na vibarua walitoka mashamba ya jirani. Zilitengenezwa kilometa zipatazo 8,000. Nililolipenda mimi ni matunzo yake: kibarua aliyeijenga barabara alipewa kipande kilicho karibu na kwake, akalipwa kukitunza.

Siku hizi barabara ndogo ni kazi ya serikali za kaunti na ya Mamlaka ya Barabara za Vijijini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Fedha nyingi za matengenezo hutoka katika ushuru wa mafuta ya magari.

Lakini sahihi ya Serikali haiondoi maji. Barabara ya murram huinuliwa katikati kama mgongo, ili maji yashuke katika mifereji ya kando. Kisha, hapa na pale, mfereji hukatwa kwenda pembeni, ukamwaga maji katika shamba la mtu. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Namjua mkulima aliyeuziba mfereji wa namna hiyo kwa magunia ya udongo, kwa sababu maji yalikuwa yakimchukulia viazi. Sikuweza kumlaumu sana. Lakini mvua iliyofuata iliikata barabara chini kidogo ya kwake, na kwa siku nne lori halikufika kwa yeyote, hata kwake.

Basi wapimaji wakija, usibaki nyumbani. Waulize maji yataingia shamba la nani, na yakishaingia yatakwenda wapi. Kigingi ni rahisi kuhamishwa kabla jembe halijapigwa. Yapelekwe penye nyasi nyingi au kwenye mkondo wake wa asili, si kwenye udongo uliolimwa. Mwenye shamba naye apande nepia pale yanapotokea. Zitapunguza nguvu za maji, na ng'ombe atapata chakula.

Na wewe unayefukia mfereji ili mkokoteni uingie langoni, weka kalvati hapo, uizibue kabla ya mvua za Machi.