Mwanga wa banda la jirani usikunyime usingizi

Wakazi wa Musoma na Bunda mnajua siri ya wavuvi wa dagaa: usiku wa giza huwasha taa ziwani na dagaa hukusanyika, mbalamwezi ikiwaka, kazi hupungua. Ikiwa mwanga unamgeuza dagaa, je, mwili wa binadamu hauna habari nao?

Unazo. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouarifu mwili kuwa ni usiku. Mwanga mkali ukifika machoni, hasa ule mweupe wenye ubuluu, homoni hiyo hupungua. Usingizi huchelewa, kuamka kwa Alfajiri kunakuwa taabu, na mtoto husinzia shuleni na madrasa. Kukosa usingizi kwa muda mrefu kunahusishwa na shinikizo la damu na kisukari.

Mabanda kitalu yanaingiaje hapa? Mengi ya kwetu hutegemea jua tu. Lakini mkulima anaweza kufunga taa za kukuzia mimea au za ulinzi. Kwa kuwa banda ni la nailoni inayopitisha mwanga, taa ikiwashwa ndani, banda zima hung'aa kama karabai. Anayeumia ni jirani ambaye dirisha lake linalitazama.

Uholanzi, nchi yenye mabanda mengi, iliweka masharti: banda lenye taa kali za mimea lifungwe mapazia usiku, yazuie asilimia 98 ya mwanga juu na 95 pembeni. Kilimo hakikufa.

Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inautaja uchafuzi wa mwanga miongoni mwa mambo ya kuwekewa viwango. Kinachoweza kumfikia jirani moja kwa moja ni sheria ndogo. Katika vijiji vya Butiama, hutungwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Manispaa ya Musoma na Mji wa Bunda, hutungwa na baraza la madiwani. Basi hudhuria mkutano, upendekeze haya:

1. Banda la taa liwe mbali na makazi, na hilo liangaliwe kabla ya kutoa kibali cha ujenzi.
2. Lifungwe mapazia kuanzia Magharibi.
3. Taa za ulinzi zifunikwe juu na zielekezwe chini.
4. Ijulikane saa ya kuzima.

Wakati hayo yakisubiriwa, zungumza na jirani kwa upole. Huenda hajui kwamba anakuudhi. Weka pazia zito dirishani. Nawe zima taa na simu yako, kwani Mtume (s.a.w.) alituelekeza kuzima taa tunapolala. Usimlaumu jirani hali chumba chako mwenyewe kinawaka hadi usiku wa manane.