Baraza na bustani: mikono yako inaweza kupandisha bei ya nyumba

Anayepanda kutoka Nyanza-Lac kuelekea Makamba, kusini mwa Burundi, huziona nyumba nyingi za waliorejea kutoka Tanzania. Juu mabati yanang'aa. Chini, mahali ukuta unapokutana na ardhi, tofali zimeanza kuliwa. Maji yanayodondoka kutoka batini hupiga udongo, tope likarukia ukutani, na misimu michache ya mvua ikipita msingi unabaki wazi kama jino lililotoka kwenye ufizi.

Ndugu msomaji, kwa wengi nyumba hiyo ndiyo akiba yote ya miaka ya ukimbizini. Mfanyabiashara anayevuka Mugina kwenda Manyovu naye anajua kuwa siku mtaji ukikwama, nyumba ndiyo ya kupangisha au kuuza. Mnunuzi akifika hutazama miguu ya ukuta kwanza, kisha rangi.

Lakini kabla ya kununua mfuko wa saruji, mipaka. Waliokimbia mwaka 1972 na kurudi baadaye wengi walikuta kiwanja kina mtu. Waite majirani na Bashingantahe wa kilima, simikeni alama mbele ya wote, kisha ufuatilie hati katika ofisi ya ardhi ya tarafa, utaratibu uliowekwa na sheria ya ardhi ya mwaka 2011. Baraza iliyovuka mpaka kwa hatua moja huzaa kesi inayogharimu kuliko nyumba yenyewe.

Baraza ya mbao inapendeza kwenye picha za Ulaya. Huku kwetu mchwa wataila, hivyo tumia mawe na saruji. Kwa baraza ya mita 4 kwa 2, yenye zege la sentimita 8, mifuko 4 ya kilo 50 inatosha, na wa 5 kwa kuta za pembeni na plasta. Changanya ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Shindilia mawe kwanza. Uso wa baraza uwe chini ya sakafu ya ndani, nao uinamie nje kwa sentimita 2 kila mita.

Hapo kwenye kuinamia ndipo nilipokosea mimi. Baraza yangu ya kwanza niliipima kwa macho, nikiamini jicho langu ni la fundi. Mvua ya kwanza ya Oktoba iliingiza maji sebuleni, tukabeba magodoro usiku. Niliibomoa kwa nyundo. Siku hizi natumia kamba na mpira mwembamba wenye maji, hauna uongo. Tena zege limwagiwe maji siku 7, lisipasuke. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinafaa kwa kazi hii.

Kisha maji. Bati la mita 7 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 20, linamwaga lita 1,120. Weka mfereji wa bati na pipa lenye kifuniko, na maji yanayozidi yapitie mtaro wa mawe mpaka kwenye migomba, si kwa jirani.

Mimea ingoje mvua za Septemba au Oktoba. Pasipalumu hufunika uwanja na kuzuia tope. Mchaichai ukingoni hushika udongo na ni chai ya asubuhi. Kwa ua wa rugo, mnyaa hauhitaji matunzo, ila utomvu wake huumiza macho, usiupande wanapocheza watoto. Parachichi la kubebesha huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Liweke mita 7 au zaidi kutoka ukutani, kwa kuwa mche unaofika gotini leo utakuja kulifunika bati lote.