Mkazo katika Nomino Ambatani: Kutoka "Cupboard" hadi Kabati

Wanafunzi wetu wengi waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hutamka neno mwanafunzi kwa kukaza silabi ya kwanza: MWAnafunzi. Huo si uzembe. Wanafuata kanuni, ila kanuni yenyewe ni ya lugha nyingine.

Nomino ambatani huundwa kwa kuunganisha maneno mawili yakawa neno moja. Katika Kiingereza, aghalabu mkazo mkuu huangukia neno la kwanza, na kwa mkazo huo sikio hutambua kuwa maneno yameungana. "BLACKboard" ni ubao wa darasani, hata ukipakwa rangi ya kijani. "Black BOARD" ni ubao wowote mweusi. Kanuni hii ina ukaidi wake. Hapa Kampala, majina yenye "Street" hukazwa mwanzoni, WILLiam Street, lakini yenye "Road" hukazwa mwishoni, Kampala ROAD, ingawa zote ni njia za kupita watu na magari!

Neno "cupboard" linatufundisha zaidi. Hapo zamani, yapata karne ya 14, lilikuwa "cup", yaani kikombe, na "board", yaani ubao: ubao au meza ya kupangia vikombe. Mkazo ulikaa kwenye "cup". Silabi ya pili, kwa kukosa mkazo, ikafifia. Leo sauti p haitamkwi, na irabu ya "board" imedhoofika hata msikilizaji hawezi kuhisi kwamba hapo palikuwa na ubao. Tahajia ndiyo inayotunza habari hiyo.

Kiswahili kililipokea neno hili kwa sikio, si kwa tahajia, ndiyo maana kabati halina p. Silabi mbili zikawa tatu, ka-ba-ti, kwa kuwa silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu. Mkazo nao ukahamia silabi ya pili kutoka mwisho: kaBAti. Tazama basi: silabi iliyofifia katika Kiingereza ndiyo iliyopewa nguvu katika Kiswahili.

Mkazo wa Kiswahili hauulizi neno limeundwaje. Huhesabu kutoka mwisho. Mwana akiunganishwa na sehemu ya pili hupoteza mkazo wake: mwanaFUnzi. Vivyo hivyo mlaRIba. Yapo machache yanayokiuka, kama baRAbara yenye maana ya sawasawa, tofauti na baraBAra ya magari, lakini hayo ni ya kukariri.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili bila nadharia nyingi. Mwanafunzi atamke kabati, kisha kabatini. Akisema KAbatini, bado mkazo wake ni wa Kiingereza. Akisema kabaTIni, apewe mwanafunzi na mwanafunziwe, asikilize mwenyewe mkazo unavyosogea kutoka FU hadi NZI.