Swali Dogo Lililoulizwa kwa Insafu

Maji yanapokupwa katika pwani ya Mbweni, pale Mto Mpiji unapoingia baharini na kuutenga Mkoa wa Dar es Salaam na ule wa Pwani, hubaki wazi matope mapana chini ya mikoko, na juu ya matope hayo huonekana kaa wadogo kwa mamia, madume wao wakiwa na gando moja kubwa kupita kiasi cha miili yao. Si ajabu, katika majira ya utafiti, kumwona pia kijana aliyevaa buti za mpira ameinama juu ya fremu ya mraba iliyolazwa chini, akihesabu matundu ya kaa hao na kuandika katika daftari. Mpita njia akimwuliza, na akajibiwa kwamba kazi hiyo ni ya shahada ya uzamili au ya uzamivu, aghalabu huondoka akistaajabu kwamba mtu aliyefikia daraja hiyo ya elimu hana la kufanya ila kuhesabu matundu. Muradi wa makala haya ni kumweleza mstaajabu huyo jinsi tasnifu ya mwanafunzi wa baiolojia au wa sayansi za afya inavyojengwa, nguvu yake inatoka wapi, na sisi wakazi wa vitongoji hivi tuna sehemu gani katika ukweli wake.

Ukanda wetu umebahatika kuwa karibu na nyumba za elimu hiyo. Kunduchi, kusini kidogo ya Mbweni, ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayofundisha sayansi za bahari na uvuvi, na ipo pia Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Upanga kipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichoanza mwaka 1963 kikiwa shule ya udaktari, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na kikasimama kwa miguu yake mwaka 2007. Wanafunzi wa vyuo hivi, na wenzao wanaotoka ng'ambo kushirikiana nao, ndio wanaotufikia majumbani na ufukweni wakiwa na daftari, vichupa vya sampuli na maswali.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mwanafunzi hapewi swali kubwa. Lau angeuliza, "Je, uchafu wa mji unaiharibu bahari?", angezeeka kabla hajalijibu, maana ndani ya swali hilo mna maswali elfu: uchafu upi, wa kiasi gani, bahari ya wapi, na kuharibika kwa namna ipi. Kwa hiyo mwanafunzi, akiongozwa na msimamizi wake, hulipunguza swali mpaka libaki kipande ambacho mtu mmoja, kwa muda wa miaka miwili au mitatu na kwa fedha chache, anaweza kukipima na kukitolea jibu ambalo mwingine anaweza kulihakiki. Kupunguza huko si unyonge wa akili. Ndiko kunakotenganisha utafiti na mazungumzo ya barazani, ambako kila mmoja ana jibu na hakuna awezaye kumsahihisha mwenziwe.

Mfano tunao karibu. Katika miaka ya 2000, kwenye ufuko wa Jangwani, ambao ni mwendo mfupi kutoka Mbweni, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Ureno na Italia walishughulikia swali hili: mikoko iliyo pembezoni mwa mji, inayopokea maji taka ya watu, yaweza kuyasafisha maji hayo bila yenyewe kudhurika? Badala ya kulijibu kwa dhana, walitengeneza vitalu vya majaribio, vingine vyenye miche ya mikoko na vingine vitupu, wakaweka humo wale kaa wa gando moja kubwa, wakavimwagia maji ya bahari yaliyochanganywa na maji taka kwa vipimo vinavyojulikana: vitalu vingine visiwe na maji taka kabisa, vingine viwe na asilimia 20, vingine asilimia 60. Kisha wakangoja miezi 6.

Kwa nini kaa? Kwa sababu kiumbe huyu ni mtumishi wa mikoko. Maji yanapokupwa hutoka tunduni mwake, akachota tope kwa gando lake dogo, akachambua ndani yake vijidudu na vijimea visivyoonekana kwa macho, akavila, na tope lililobaki akaliweka chini likiwa kidonge kidogo. Kwa kazi hiyo tope la juu hugeuzwa siku baada ya siku, na kwa matundu yake hewa hupenya mahali ambapo isingefika, mizizi ikafaidika, na bakteria wanaoozesha uchafu wakapata hewa ya kufanyia kazi yao. Basi mwenye kutaka kujua afya ya mikoko, na asiweze kuingia ndani ya tope kuitazama, humtazama kaa.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba katika vitalu visivyo na uchafu kaa waliosalimika walikuwa baina ya asilimia 67 na 87, na katika vile vyenye maji taka baina ya asilimia 40 na 71. Msomaji makini ataona papo hapo kwamba hesabu hizi mbili zinaingiliana: lipo kundi lililokaa katika maji machafu likasalimika kwa asilimia 71, ilhali kundi la maji safi lipo lililosalimika kwa asilimia 67 tu. Hapo ndipo elimu ya takwimu inapohitajiwa, nayo si mapambo ya kuipa tasnifu haiba, bali ni mizani ya kupimia kama tofauti iliyoonekana ingeweza kuletwa na nasibu tu, au ni kubwa mno kwa nasibu peke yake. Ndiyo maana kitalu kimoja cha kila namna hakitoshi. Lazima viwe kadhaa vinavyofanana, ili taksiri ya kimoja isichukuliwe kuwa hukumu ya vyote.

Lililo na maana zaidi, hata hivyo, halikuwa vifo. Ilidhihirika kwamba katika maji taka ya asilimia 60 kaa walio hai walichambua tope kidogo kuliko wenzao wa maji safi, kwani tope lililonona kwa uchafu liliwashibisha upesi, na muda uliobaki wakautumia katika kuposana na kugombea mipaka ya matundu yao. Yaani kaa yupo, tena ameshiba, lakini utumishi wake kwa mikoko umepungua. Tafiti nyingine za wakati huo, zilizolinganisha mikoko ya Kenya na Msumbiji inayopokea maji machafu ya mji na ile isiyoyapokea, zilikuta katika sehemu zenye uchafu uzito wa kaa kwa jumla umeongezeka, huku konokono wakubwa wa mikoko wamepungua. Mtu ambaye angehesabu kaa tu, akaridhika kwa wingi wao, angetangaza kwamba mambo ni mema; aliyeongeza swali moja dogo, "wanachambua tope kiasi gani?", alifika kwenye ukweli ambao macho peke yake hayakuuona.

Sasa tutoke matopeni tuingie mitaani, kwa kuwa katika sayansi za afya kanuni ni zile zile, ila ugumu umezidi, maadamu anayechunguzwa si kaa kitaluni bali ni binadamu mwenye nyumba, shughuli na hiari. Hakuna mtafiti anayeweza kuwapima wakazi wote wa Kinondoni na Temeke; hana budi kuchukua wachache wawe badala ya wengi. Mpishi hujua chumvi ya sufuria nzima kwa kuonja kijiko kimoja, lakini hukoroga kwanza. Na kukoroga kwa mtafiti ni kuchagua nyumba kwa kura, si kwa urahisi wa njia wala kwa ukarimu wa wenyeji. Akiingia tu kwenye nyumba zilizo kando ya barabara, au zile ambazo milango yake iko wazi, atakuwa amejua habari za nyumba hizo, si habari za mji.

Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianzisha mpango wa kupambana na malaria ya mjini katika kata 15, tano katika kila manispaa ya wakati ule, zikiwemo Mikocheni na Mwananyamala upande wa Kinondoni, na Kurasini na Mtoni upande wa Temeke. Watu waliochaguliwa katika mitaa yao wenyewe walizunguka wakitafuta kila dimbwi, mtaro na shimo lenye maji, ili kuona kama mna viluwiluwi vya mbu. Na tangu mwaka 2006, katika kata tatu za Buguruni, Kurasini na Mikocheni, madimbwi hayo yakaanza kutiwa dawa itokanayo na bakteria wanaoua viluwiluwi. Maambukizi ya malaria katika kata zilizotiwa dawa yalipolinganishwa na yale ya kata ambazo bado hazijatiwa, yalionekana kupungua. Mpango huo ulikuwa pia shule kubwa ya wanafunzi wa shahada za juu, wa hapa nchini na wa ng'ambo, ambao kila mmoja alichukua kipande chake.

Mmoja alishika suala la ramani. Wafanyakazi wa mitaani walichora kwa mkono maeneo yao, shina kwa shina kwa kufuata nyumba kumi kumi, kisha michoro ikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, ikabainika kwamba zipo sehemu ambazo hazikuingia katika mchoro wa mtu yeyote, na kwa hivyo hazikuwa zikikaguliwa na yeyote. Mwingine akauliza swali zito zaidi: wale wanaotafuta madimbwi wanayaona yote? Akafuata nyuma yao, akakagua upya, na jawabu likawa kwamba madimbwi mengi yalipitwa, na miongoni mwa vizuizi vilivyotajwa ni viwanja vilivyozungushiwa uzio, ambamo mkaguzi hakuweza kuingia. Utafiti wa namna hii hauwaletei sifa waliouanzisha mpango, lakini ndio unaouokoa, kwa sababu dawa haiwezi kutiwa katika dimbwi ambalo halikuonekana.

Hapo ndipo jambo linapotugusa sisi wa Mbweni, Boko na Ununio, ambako katika miaka ya karibuni mashamba ya minazi na vichaka vimegeuka viwanja, na viwanja vikageuka nyumba zenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Mbu hasomi hati ya kiwanja, na maji ya mvua hayaulizi ukuta ni wa nani. Kila geti linalokataa kufunguliwa bila kusikiliza linaitoa nyumba hiyo katika hesabu, na zikitoka nyumba nyingi za aina moja, mwanafunzi ataandika, kwa unyofu wake wote, tasnifu inayowasema wasio na kuta tu, kisha sera ya afya itapangwa kwa habari hiyo nusu.

Kufungua, hata hivyo, si kufungua kwa kila mgeni, wala si kusalimu haki zetu. Utafiti wa afya unaohusu watu wa nchi hii hauna budi kupata idhini ya kimaadili, ama kutoka kamati ya chuo husika, ama kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Na mtafiti atokaye nje ya nchi huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuziona barua hizo na kuuliza serikali ya mtaa kama mgeni huyo anajulikana. Ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka swali la utafiti ni lipi, damu au maji atakayoyatoa yatapimwa nini, yatahifadhiwa wapi, na madhara yaliyopo ni yapi. Ana haki ya kukataa, na akishakubali ana haki ya kujitoa katikati bila kuulizwa sababu, wala asipungukiwe na tiba aliyokuwa akiipata. Fomu ya ridhaa anayotia sahihi au dole gumba si hati ya kumkinga mtafiti. Ni ahadi ambayo mtafiti amempa yeye.

Mwanafunzi naye ana deni. Tasnifu yake itasomwa na watahini, ataitetea mbele ya jopo, kisha nakala itawekwa maktabani, na kwa desturi mambo huishia hapo. Haitoshi. Aliyehesabu kaa wa Jangwani amejifunza jambo ambalo mvuvi, mkata chumvi na mwenye hoteli wa pwani hii wanalihitaji kabla ya kuamua bomba la maji taka lielekezwe wapi. Aliyegundua madimbwi yaliyopitwa amejifunza jambo ambalo mjumbe wa shina alihitaji kulijua wiki ile ile. Vyuo vyetu vingefanya haki kama vingemtaka kila mwanafunzi, kabla ya kuvikwa joho, awe amerudi kwenye mtaa au ufukwe alikochukua sampuli zake, akawaeleza watu wake, katika mkutano wa hadhara au kwa kurasa mbili zilizobandikwa ofisi ya mtaa, alichokipata na asichokipata. Kwani hata jibu la "sikuona tofauti" lina thamani, nalo humwepusha mwingine asipoteze miaka yake katika njia iliyokwisha kupitwa.

Ukweli wa tasnifu, basi, hutengenezwa na pande mbili. Upande mmoja ni wa mwanafunzi anayekubali swali dogo, akalinganisha kwa haki, akachagua kwa kura, na akaandika hata yale yanayoivunja dhana yake aliyoipenda. Upande wa pili ni wetu: kumsikiliza anapobisha hodi, kumdai vibali vyake, kumjibu bila kupamba wala kuficha, na baadaye kumdai majibu. Akija basi kijana wa chuo getini, mwulize maswali yote uliyo na haki ya kuyauliza. Na ukiridhika, mwonyeshe na lile tangi la maji lililo nyuma ya nyumba.