Klachi Mpya Haitaki Presha

Wikendi ya rally ikikaribia Mbarara, hapa Rugaaga watu hawatulii. Kwa setolmenti ya wakimbizi ya Nakivale, mbogi ya Base Camp inaanza kuchanga doo ya taxi mapema, wasee wa Juru na Rubondo wanasaka lifti, na kwa kila kagereji kutoka hapa mpaka Isingiro story ni nani amefunga nini kwa ndai yake. Mbarara iko ndani ya ubingwa wa rally wa Uganda, na miaka mob ndiyo imefungua msimu, so vumbi ya kwanza ya mwaka inakulwa huku kwetu magharibi kabla Kampala waonje. Ukishaona Subaru ikipita kwa murram mbele ya macho yako, injini inanguruma, mawe yanaruka, manze, unarudi mtaa na homa. Saa hii hiyo homa imeshika maboys kwa kitu inaitwa klachi ya steji.

Si vibaya. Impreza nyingi za mayut Mbarara zimetoka Japani zikiwa zimetumika, klachi imezeeka na dere mwingine, na ukiongeza nguvu ya turbo kidogo inaanza kuteleza: mshale wa rpm unapanda, spidi inabaki palepale. Hapo lazima kit mpya. Noma iko mbele. Boy anamwaga akiba yote kwa kit, inafungwa Ijumaa, Jumamosi anaitoa Mbarara kwenda Biharwe akiichapa ndio mabeshte waskie. Jumatatu yuko kwa fundi analia: inatetemeka, inanuka, waliniuzia feki. Haikuwa feki. Aliiua mwenyewe kabla haijakaa.

Cheki vile kitu inafanya. Flaiwili imefungwa kwa injini, inazunguka nayo saa yote. Presha pleti iko na springi ya sahani inayominya klachi pleti kwa flaiwili. Ukikanyaga pedali, beringi ya kurilizi inasukuma vidole vya hiyo springi, mbano unalegea, giaboksi inakuwa huru. Ukiachia, vinashikana tena na gari inasonga. Kit ya steji inaongeza vitu mbili: springi kali, na matirio ya pleti inayong'ang'ania zaidi. Ndio maana mguu wa kushoto unachoka kwa foleni, na ndio maana ndai inaweza kukutingisha ukitoka.

Sasa, pleti mpya haigusi flaiwili kila mahali. Kwa jicho iko sawa kabisa, lakini chuma na pleti viko na vilima vidogo ambavyo huwezi ona, na ni hivyo tu vinakutana siku ya kwanza. Ukimwaga nguvu yote ya turbo hapo, hizo sehemu chache zinabeba mzigo wote na kupata moto vibaya. Pleti ya organiki ni nyuzi zilizogandishwa kwa rezini. Moto ukizidi, rezini inapanda juu na kufanya kioo. Kioo hakishiki chuma. Flaiwili nayo inapata madoa ya bluu, magumu kuliko chuma ya pembeni, na kila ukiachia pedali pleti inashika-inaachia, inashika-inaachia. Huo ndio ule mtetemo unafanya dashbodi yote ipige kelele.

Uliza msee yeyote anapika rolex stejini vile kikaango kipya kinahitaji. Chapati za kwanza zinashika upande huu zinaungua ule, mpaka mafuta na moto wa pole vifanye ngozi yake kwa chuma, na hiyo ngozi huwezi ilazimisha kwa siku moja na moto mkubwa. Pleti pia inaacha ngozi nyembamba ya matirio yake juu ya flaiwili, kidogo kidogo, kila ukitoka. Ikishaenea kote, klachi inashika laini na inashika kwa nguvu.

Kabla sijafika kwa kuendesha, niongee juu ya kuchagua, juu hapa ndio mayut wanapotezwa na sifa. Neno steji halina sheria ya dunia. Kila kampuni inapima kivyake. Exedy ya Japani, kwa mfano, Steji 1 yake ni organiki na Steji 2 ni ya seramiki. Seramiki inabeba moto mkali sana na inafaa ndai ya mashindano, lakini inashika kama swichi, iko au haiko, na kutetemeka kwake ukitoka polepole ni kawaida yake, hata ukiilea namna gani haitawahi kuwa laini kama organiki. Ukiongeza pleti isiyo na springi katikati, mshtuko wote unaingia giaboksi. Boy wa kutoka Rugaaga kwenda Mbarara na mathee kiti ya mbele, magunia ya maharagwe nyuma, anafunga seramiki ya nini? Chukua organiki yenye presha pleti kali, basi. Hiyo ndio naamini, na nimebishana juu yake na watu wanaojua magari.

Kufunga pia ni nusu ya ulaini. Wengi wanaagiza spea Kampala, Kisekka Market, zinaletwa na basi mpaka Mbarara, halafu fundi anafunga mbiombio ndio apate gari ingine. Simama hapo hapo uangalie, kwa heshima. Flaiwili itolewe ipelekwe kwa mashini isawazishwe, ama iwe mpya. Pleti mpya juu ya flaiwili yenye madoa ni pesa imetupwa. Chuma mpya zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu: ifutwe na dawa ya kusafisha breki, si petroli, na mtu mwenye mikono ya grisi asiguse uso wa pleti. Kwa meno ya shafti ya giaboksi grisi ni kidogo tu, inayobaki ifutwe, juu ikizunguka itarukia pleti. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kuvuka, moja huku ingine ng'ambo, kidogo kidogo, la sivyo pleti inakaa upande. Beringi ya kurilizi ibadilishwe na hiyo kit, usibaki na ya zamani eti bado iko fiti. Kama oili sili ya nyuma ya injini inavuja, rekebisha hiyo kwanza. Tone la oili linatosha kuharibu kila kitu.

Na vumbi nyeusi ndani ya kasha, tafadhali isipulizwe na kompresa. Klachi za zamani zilitengenezwa na asbesto, na asbesto inaingia mapafu na haitoki. Hawa maboys wanaofagia gereji wako na maisha marefu mbele yao; kitambaa chenye maji kinatosha.

Gereji za Mbarara ziko na mikono mingi ya kutoka Nakivale. Setolmenti hii inapokea watu tangu 1958, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, so utapata fundi wa Kivu kwa giaboksi, Mrundi chini ya gari, Msomali anauza tairi. Papa mmoja Mkongomani, mzee wa hii kazi, nilimskia akimpa boy funguo baada ya kufunga klachi: "Mwanangu, hii ambriyaje iko mupya. Wiki mbili usikimbize mutu." Boy akajibu, "Sawa, Papa." Hayo maneno machache yana kila kitu kiko kwa karatasi ya kit.

Karatasi yenyewe, kwa kit nyingi za organiki, inaitisha kama kilomita 800 za mjini. Hapo kwa mjini ndio watu wanapita. Mtu anasema nimeenda Kampala na kurudi, nimemaliza. Hujamaliza, brathe. Ukiwa giya ya tano kwa lami, pleti na flaiwili vinazunguka pamoja, hakuna kusuguana, hakuna kukaa. Kinachohesabika ni kutoka na kubadilisha giya. Safari ya Base Camp mpaka Mbarara inakupa kazi kidogo tu: tuta za murram, ng'ombe wa Ankole wanavuka wakiwa na pembe zao, magulio ya njiani, halafu lami ya Isingiro inakutelezesha bila kugusa pedali. Dakika chache za High Street ya Mbarara saa kumi na moja jioni, boda kila upande, simama-toka, simama-toka, zinafanyia klachi yako mema kuliko hiyo lami yote. So kama ndai ni yako, omba kazi za mjini: peleka mathee sokoni, chukua siste shule, beba spea za fundi. Klachi inakaa na wewe unapata marafiki.

Mguu nao uko na adabu yake. Pandisha injini mpaka kama rpm 1,500, achia pedali mpaka uskie inashika, ipe nafasi chini ya sekunde moja, halafu achia yote. Usiibebe katikati, usipige 4,000 halafu uruke. Toka na giya ya kwanza kila saa, hata kama gari ni tupu. Kwa mlima shika hendibreki. Usiishikilie gari na klachi ukingoja boda ipite. Ukimaliza kubadilisha, mguu utoke kabisa kwa pedali, juu ukiulaza hapo beringi inasuguliwa bure na mbano unapungua. Turbo isijazwe. Trela lisivutwe. Na wale mabeshte wa nyuma wakisema ikanyage, waambie washuke waende na boda.

Kilomita mia za kwanza itatetemeka kidogo, hasa asubuhi ikiwa baridi. Usiogope na usiilazimishe. Ikinuka kama nywele zimeungua, simama, izime, iache ipoe mpaka kasha liguswe na mkono. Ukiona kilomita mia nne zimeisha na mtetemo unapungua kila siku, uko njia poa. Ukifika mia nane na organiki yako bado inapiga dashbodi, usikimbilie kutoa giaboksi. Anza na vya nje: mauntingi za injini zimepasuka? Kwa Subaru kuna kale kachuma kafupi juu, kanashika giaboksi na ukuta wa bodi. Raba zake zikilegea, injini inacheza mbele nyuma na unadhani ni klachi. Angalia hewa kwa laini ya haidroliki, angalia pedali kama inaachia yote. Mamech wengi wanaruka hizo na kuuza kit ya pili kwa mtu ambaye hakuihitaji. Vya nje vikiwa safi ndio sasa ushushe giaboksi, na utapata oili, ama kioo, ama bluu kwa flaiwili.

Kwa story ya mguu wenye adabu, mi hupenda kuwaambia mayut wa huku juu ya dere wa rally Shekhar Mehta, na sichoki. Mtoto wa Uganda, Muhindi, familia yake ya wenye mashamba. 1972 Amin akafukuza Wahindi, naye akaondoka kama walivyoondoka wengi waliopita barabara hizi, akaenda Kenya. Pasaka ya 1973 akashinda Safari Rally na Datsun 240Z. Alimaliza sare ya pointi na Harry Källström wa Sweden, wakampa yeye ushindi kwa kuwa alikuwa ameenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Akarudi kushinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano, kwa mashindano ya maelfu ya kilomita ambapo gari nyingi hazikuwa zinafika mwisho. Halafu Charles Muhangi, Mganda, bingwa wa Afrika 1999 na Subaru Impreza, ile ile mnayoitamani. Mtu hawezi kushinda hivyo na mguu wa fujo. Rally inatoa nguvu mahali pamoja na kuikaba pengine, na dere anayejua klachi yake anajua ni wapi.

So siku kilomita mia nane zimeisha, ipime. Tafuta lami tupu, iliyonyooka, asubuhi mapema, na mtu mwingine akukalie kando aangalie mshale. Ingia giya ya tatu, spidi kama 60, kanyaga ekseleta yote mara moja. Mshale na spidi vikipanda pamoja, klachi yako imekaa, na sasa unaweza kuongeza turbo polepole, wiki kwa wiki. Mshale ukiruka na spidi ikibaki, achia hapo hapo. Ukirudia kuona kama ni kweli unaichoma zaidi. Na kipimo hiki usikifanyie barabara ya Base Camp, asubuhi ama jioni. Watoto wanapita na madumu ya maji, wanatembea pembeni kabisa, na vumbi yako inawazuia kuona gari ya nyuma yako.