Wapiga mbizi wa kujitolea na meli iliyotoka Huangpu

Mnamo Januari 1745, meli ya Sweden iitwayo Götheborg iling'oa nanga Huangpu, kwenye Mto Zhujiang, kusini mwa China. Enzi hizo meli kubwa za kigeni hazikuweza kufika mjini Guangzhou. Ziliishia karibu na kisiwa cha Changzhou, ambacho leo ni sehemu ya wilaya ya Huangpu, na bidhaa zililetwa kwa mashua.

Götheborg ilipakia chai, hariri na vyombo vya kauri. Tarehe 12 Septemba mwaka huo, ikiwa imekwisha kuiona bandari ya nyumbani, Gothenburg, iligonga mwamba ikazama. Mabaharia wote waliokoka, lakini hadi leo wataalamu hawajakubaliana juu ya chanzo cha ajali hiyo.

Waliogundua upya mabaki yake mwaka 1984 hawakuwa jeshi la majini wala kampuni tajiri. Walikuwa wanachama wa chama cha wapiga mbizi wa mji huo, wapenzi wa historia. Uchimbaji uliendelea kuanzia 1986 hadi 1992, na kutokana nao likazuka wazo la kuunda meli ya mfano wake, ambayo ilifunga safari mwaka 2005 na kuwasili Guangzhou Julai 2006.

Je, mtu wa kawaida huingiaje katika kazi ya namna hiyo? Kwanza hujifunza kupiga mbizi katika chama cha mahali anapoishi, kwani hakuna azamaye peke yake. Katika kina cha meta 10 shinikizo huwa maradufu ya lile la juu ya maji, na hewa ya mtungi humalizika kwa nusu ya muda. Mwenzako ndiye akiba yako.

Kisha huja kazi ambayo wengi hawaitarajii: kunyoosha kamba, kupima na kuchora. Kipande cha kauri kilichonyakuliwa bila kuandikwa kilipolala hubaki pambo tu, maana mahali pake ndipo panapoeleza jinsi shehena ilivyopangwa. Mbao nazo, zilizohifadhiwa na tope lisilo na oksijeni nyingi, hupasuka na kujikunja zikiachwa zikauke ovyo. Ndiyo maana mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi wa chini ya maji unataka kwanza kufikiriwe kuyaacha mabaki yalipo, na unakataza kuyafanyia biashara.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kisa kinachofanana na hicho. Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi wa Mombasa waliyaona mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mwaka 1697 Waomani walipokuwa wameizingira Fort Jesus. Uchimbaji ulifanyika kati ya 1977 na 1980 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na taasisi ya akiolojia ya baharini kutoka Marekani, na wapiga mbizi wa kujitolea walishiriki.

Vitu vingi vilivyopatikana vilihifadhiwa ngomeni, na baadhi vikawekwa mbele ya wageni. Kiunzi chenyewe kilifukiwa tena mchangani, chini ya kuta za Fort Jesus.